Fanya Juu, Lakini Mgongo Uuchunge

Siku yangu ya tatu kwenye mjengo hapa Kinanie, mgongo ulikataa. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, nikajiambia beleshi halina mtihani. Kazi ilikuwa kupakia mchanga kwenye wilibaro. Mnamo saa nane mchana niliinama, nikachota, nikajipinda kushoto ili nirushe, na kiuno kikashika palepale. Sikuweza kunyooka. Foomani alinitazama, akaita kijana mwingine kutoka getini. Hata pesa ya siku hiyo sikuiona.

Nilienda kulala kwa susu, kule milimani Kangundo. Alicheka kwanza. Halafu akaniuliza, "Kwani ulikuwa unarusha kwa mkono?" Sikuelewa swali. Alichukua beleshi nyuma ya nyumba, mwanamke wa miaka sabini na kitu, akanionyesha alivyofundishwa akiwa bibi arusi mgeni, akichimba matuta na wanawake wenzake wa mwethya. Ndipo nikaanza kusoma, maana niligundua kwamba shamba lote lile limetengenezwa kwa migongo ya watu.

Miaka ya 1930 milima ya Machakos ilikuwa imechanika. Mvua ikinyesha, udongo unaenda na mto. Mwaka wa 1937 afisa wa kilimo Colin Maher aliandika ripoti ya kutisha kuhusu hali hiyo. Jibu la serikali ya kikoloni lilikuwa rahisi kwao: Wakamba wana ng'ombe wengi mno, wapunguzwe kwa nguvu. Kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kimejengwa Athi River, mwendo mfupi tu kutoka hapa Kinanie, na kilihitaji ng'ombe wa bei ya chini. Mwaka wa 1938 Muindi Mbingu na watu wake walitembea hadi Nairobi, wanaume kwa wanawake na watoto, wakapiga kambi kwa wiki kadhaa wakitaka kumwona gavana. Serikali ilimhamishia Muindi Lamu, lakini uuzaji wa lazima ukasimamishwa. Leo ukipita barabara yenye jina lake katikati ya jiji, kumbuka ilianza na mifugo.

Ng'ombe waliposhindikana, likaja beleshi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, watu walilazimishwa kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Kazi hiyo iliwaangukia wanawake hasa, kwa kuwa wanaume wengi walikuwa mjini wakitafuta mshahara. Kule Murang'a, wanawake waligoma kuchimba mwaka wa 1947 na 1948. Huku kwetu serikali iliazima jina la mwethya, ambalo zamani lilikuwa ni majirani kuitana kwa hiari kusaidiana shambani, ikalitumia kwa kazi ya amri. Watu hawakuipenda. Lakini katika miaka ya 1950 vikundi vilianza kujichagulia viongozi na kuamua vichimbe shamba la nani na lini, na kazi ikashika kasi.

Hapo ndipo lilipopata umaarufu neno ambalo leo wataalamu wa udongo duniani wanalitumia bila kulitafsiri: fanya juu. Unachimba mtaro kukatisha mteremko, na udongo unaurusha upande wa juu. Mvua ikija, udongo unaosombwa unakwama kwenye tuta hilo, na baada ya miaka shamba linakuwa tambarare lenyewe, kama ngazi. Kuna pia fanya chini, ambapo unarusha upande wa bonde. Hiyo ni nyepesi zaidi, ila udongo unaoshuka unajaza mtaro na inabidi uuzoe tena. Wakulima walichagua ile ngumu. Watu wa Machakos waliongezeka kutoka takribani 240,000 mwaka wa 1932 hadi karibu milioni 1.4 mwaka wa 1989, na bado mmomonyoko ukapungua. Kitabu cha Tiffen, Mortimore na Gichuki cha mwaka wa 1994 kilifanya habari hiyo ijulikane kote.

Sasa, unarushaje udongo juu siku nzima na jioni ubaki mzima? Susu alisema hivi. Anza polepole asubuhi, mwili bado umelala. Tanua miguu, mmoja mbele. Mkono mmoja ushike karibu na bapa la beleshi. Piga magoti, usikunje mgongo, na unapoinuka sukuma kwa mapaja. Mzigo uwe karibu na tumbo. Ukitaka kurusha kando, geuza nyayo kwanza, mwili wote ufuate. Kiuno kisijipinde chenyewe. Beba nusu beleshi. Mtaro ukiwa mrefu kukupita kifua, mwenzako asimame katikati, urushe mara mbili badala ya moja. Badilisha mkono. Nyimbo za mwethya, kumbe, zilikuwa pia saa: zilipangia watu mwendo na pumziko.

Mmarekani Frederick Taylor alipima mambo hayo akiwa Bethlehem Steel, Pennsylvania, karne iliyopita ikianza. Aliona mtu hufanya kazi nyingi zaidi kwa siku akibeba ratili 21 kila mara, yaani kama kilo 9 na nusu. Akaagiza mabeleshi makubwa kwa vitu vyepesi na madogo kwa vizito. Lakini hesabu yake ilikuwa ya tani, na ilipokamilika wafanyakazi 400 hadi 600 walibaki 140. Binamu yangu aliye Minnesota anasema theluji nayo ni hivyohivyo: ile laini haisumbui, ile iliyolowa maji inavunja wanaume. Mchanga uliolowa ni mbaya zaidi, mita moja ya ujazo inakaribia tani mbili.

Nilirudi Kinanie baada ya wiki tano. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka wa 2007 inasema mfanyakazi asibebeshwe mzigo ambao uzito wake unaweza kumuumiza. Kwenye mjengo niliopata safari hii hakuna aliyewahi kuisikia. Kuna kijana wa miaka kumi na tisa tunayepakia naye. Juzi nilimwona akijipinda kiuno, beleshi limejaa hadi linamwagika, akitaka foomani amwone. Nilimwambia ageuze miguu, abebe nusu, na mguu ukianza kufa ganzi aache kazi aende hospitali. Akacheka, "Buda, unaongea kama shosho."

Nikamwambia ndiyo, ni yeye alinifundisha. Dakika chache baadaye nikaona amegeuza miguu.