Jina la Kwanza la Uhura

Kirk analitafuta jina lake filamu karibu nzima. Mwishowe Spock analitamka wakati wa kuagana, Nyota, na Kirk anabaki ameduwaa. Nilicheka peke yangu mbele ya kompyuta. Hiyo ni Star Trek ya J.J. Abrams, 2009. Tangu 1966, mfululizo ulipoanza kwenye televisheni ya Marekani, jina hilo halikuwahi kutamkwa kwenye skrini.

"Uhura" nalo lina safari yake: Nichelle Nichols alikwenda kwenye usaili na riwaya ya Robert Ruark inayohusu Kenya, Uhuru. Neno likapendwa, likabadilishwa irabu ya mwisho.

Mashabiki wakongwe huilaumu filamu kwa mbio na milipuko. Lawama yangu ni nyingine. Uhura wa Nichols alizungumza Kiswahili katika kipindi cha kwanza kabisa kurushwa, na tena 1967, alipofutiwa kumbukumbu. (Kwa lafudhi ya mbali, haya.) Uhura wa Zoe Saldana anajua lahaja zote tatu za Kiromulani, Kiswahili sikukisikia. Hata hivyo, ile sekunde ya "Nyota" nimeirudia mara nyingi mno kwa mtu anayedai kukasirika.