Asiyekuwemo Pichani

Hebu msomaji fikiria picha ndogo, kama ukurasa wa daftari. Ni usiku. Mwanamke anakatiza msitu peke yake. Radi inapasua mawingu, nyoka wamejaa njiani, mashetani wanamchungulia gizani. Yeye wala hajali! Anakwenda kwa mpenzi wake. Na huyo mpenzi yuko wapi? Hayumo pichani.

Wahindi humwita mwanamke huyu abhisarika. Katika karne ya 18, wachoraji wa falme ndogo za milimani, chini ya Himalaya, kama Guler na Kangra, walipenda kuchora habari za namna hii. Picha zao hazikuwa za kutundika ukutani. Zilishikwa mkononi, zikatazamwa kwa karibu kama barua. Mara nyingi mwanamke ni Radha, anayemngoja Krishna. Kwa kuwa Krishna ana rangi ya wingu la mvua, wingu likitanda tu, Radha anamkumbuka. Kwa waumini, hiyo ni kiu ya roho inayomtafuta Mungu. Na sisi tuliowahi kumngoja mtu asitokee, mbona tunaielewa vizuri tu!

Lakini picha inayonigusa zaidi haina Radha wala Krishna. Nainsukh wa Guler alimtumikia Balwant Singh wa Jasrota kwa miaka mingi. Alimchora akipunguzwa ndevu, akiandika barua, akiwa amejikunyata ndani ya blanketi kwa baridi. Siyo mtawala wa kutisha, ni mtu. Mwaka 1763 Balwant Singh akafariki. Nainsukh akachora safari ya kupeleka majivu yake Haridwar, kwenye mto Ganga. Watumishi wamepumzika njiani. Bwana wao, aliyezoeleka katika picha zote zile, safari hii haonekani.

Wachoraji wenyewe nao walikuwa karibu wapotee, maana ni mara chache waliandika majina yao. Mwanahistoria B. N. Goswamy aliwatafuta katika madaftari ya mahujaji huko Haridwar, na mwaka 1968 akachapisha makala kuonyesha jinsi ufundi huo ulivyorithishwa ndani ya familia.

Basi, sisi tunaoanza kuandika, tunapenda kusema "nakupenda" kila mstari. Nainsukh hakusema. Aliiacha wazi nafasi ya mtu, na mpaka leo tunamwona.