Chuma cha Mbele: Mafundi wa Malori katika Nyanda za Juu za Kusini

Historia ya barabara itokayo Dar es Salaam kupitia Iringa na Mbeya hadi Tunduma imekwisha andikwa na wengi, na karibu wote wameiandika kwa jicho la serikali. Twasoma habari za mawaziri, za mikopo, za lami na za reli. Habari za chuma kilichobeba mzigo wa safari ile, na za mikono iliyokitengeneza kila kilipovunjika, hutajwa kwa kupita tu. Hapa twataka kutazama jambo moja dogo: sehemu ya mbele ya lori, yaani ekseli, springi na kingpini zake, na namna mafundi wa Nyanda za Juu walivyozitengeneza na hata kuzibadili.

Yafaa kukumbuka kwamba nchi hii ilikaa muda mrefu bila reli. Reli ya Kati ilipita mbali, Dodoma na Itigi. Na mtu wa Mbeya aliyetaka kuifikia alipanda basi la shirika la reli lenyewe, ama kwa njia ya Iringa hadi Dodoma, ama kwa njia ya Chunya hadi Itigi. Dhahabu ya Lupa, kahawa, mahindi, vyote vilitegemea gurudumu la mpira. Basi ufundi wa magari ulikuwapo tangu zamani. Lakini uliojaribiwa kweli kweli ni ule wa baada ya tarehe 11 Novemba 1965, Ian Smith na wenzake walipojitangazia uhuru huko Rhodesia ya Kusini. Mwezi uliofuata njia ya mafuta ya Zambia ilifungwa. Petroli ikatiwa katika mapipa, mapipa yakapakiwa malorini, na malori yakashika njia ya Iringa na Mbeya. Yaliporudi yalibeba shaba. Mwaka 1966 serikali za Zambia na Tanzania, pamoja na washirika wa Kiitalia, ziliunda kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services, iliyoleta malori ya Fiat yenye matela. Barabara kwa sehemu kubwa ilikuwa udongo na changarawe, vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Waandishi wa Kiingereza waliipa jina ambalo maana yake ni safari ya jahanamu, na sidhani walitia chumvi nyingi.

Sasa tutazame chuma chenyewe. Lori la siku zile lilikuwa na boriti moja ya chuma kutoka gurudumu la kushoto mpaka la kulia. Boriti hiyo ilifungwa chini ya springi mbili, kila moja ikiwa mabapa ya chuma yaliyopangwa marefu juu na mafupi chini, yakashikwa katikati kwa bolti moja. Kila ncha ya boriti ilipitiwa na kingpini, pini nene ambayo gurudumu huizunguka dereva akatapo kona, nayo huzungukia ndani ya bushi za shaba nyeusi. Barabara ya changarawe hujifanyia matuta madogo yaliyofuatana kama mawimbi, na matuta hayo huitikisa springi maelfu ya mara kwa saa moja. Vumbi huingia penye grisi na kuigeuza kuwa msasa. Bushi ikiisha, gurudumu hucheza, usukani hutetemeka mkononi, na katika mteremko wa Kitonga kutetemeka huko si jambo la kuchekea.

Bapa kuu likivunjika, mtu asiyejua hukimbilia kuchomelea. Fundi mzoefu hukataa, naye ana hoja. Chuma cha springi kimepewa nguvu yake kwa moto na mafuta, kwa kipimo. Ukikichoma tena mpaka kiwe chekundu kimepoteza tabia yake, na kitavunjika kando ya mshono siku si nyingi. Njia bora kwake ni kutafuta bapa la lori jingine, kulikata kwa urefu unaotakiwa, kulitoboa tundu la bolti ya katikati, kisha kulipinda juu ya fuawe likiwa baridi, nyundo baada ya nyundo, hadi upinde wake ulingane na wa wenzake. Kazi hiyo ni ya jicho na sikio. Kingpini nayo ina hesabu yake: haisimami wima, bali imelala nyuma kidogo, ili gurudumu lipende kurudi katika mstari lenyewe. Springi iliyochoka huweza kuuharibu mlalo huo, gari likaanza kutangatanga barabarani. Na fundi huurudisha kwa kabari nyembamba ya chuma kati ya springi na ekseli. Aliyefahamu hili alifahamu jometri, ijapokuwa hakuisomea darasani.

Si watu wa hapa peke yao waliochezea chuma cha mbele. Katika California ya miaka ya 1930 vijana walichukua Ford kuukuu, zenye springi moja iliyolazwa kutoka gurudumu hadi gurudumu, wakaipasha moto boriti ya ekseli na kuipinda ili gari lishuke karibu na ardhi, kisha wakashindana mbio katika ziwa kavu la Muroc. Chama chao cha kupima mwendo kiliundwa 1937. Wao walishusha gari kwa ajili ya kasi na uzuri. Fundi wa Mbeya aliliinua kwa ajili ya mawe na mzigo. Lakini swali la mlalo wa kingpini lilikuwa lile lile pande zote mbili, na ajabu ni kwamba ufundi wa California umeandikiwa vitabu na magazeti tele.

Hata hivyo haifai kumsifu fundi kupita kiasi. Desturi ya kuongeza bapa moja au mawili ili lori libebe zaidi ya kiasi chake ilikuwa na gharama. Springi iliyokazwa mno haimezi tena pigo la barabara. Hulipeleka kwenye fremu, kwenye riveti na mabano yanayoishikilia. Breki nazo hubaki zile zile zilizopimwa kwa mzigo mdogo. Tajiri ndiye aliyetaka bapa la ziada, na dereva ndiye aliyeteremka nalo Kitonga. Fundi alisimama kati yao, akilipwa na mmoja na kusalimiwa na mwingine.

Bomba la mafuta la kwenda Ndola lilianza kazi 1968, lami ikatandazwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa 1976. Ungedhani kazi ya fuawe ingepungua. Lakini vita vya Uganda vya 1978 na 1979 na upungufu wa fedha za kigeni viliadimisha vipuri, na bapa la zamani likapanda thamani kuliko lilivyokuwa. Hata lile lisilofaa tena kwa lori halikutupwa. Katika nchi ambayo Wakinga walisifika kwa majembe yao, na Wafipa jirani zao waliyeyusha chuma katika tanuri ndefu kuliko mtu, wahunzi waliliweka bapa hilo motoni, wakalifua likawa kisu na mundu.