Miguu iliyopinda ya watoto hunyooshwa kliniki, hulindwa nyumbani

Miongoni mwa kasoro za maumbile ambazo mtoto huweza kuzaliwa nazo, nyayo zilizopinda ni mojawapo ya zile zinazoonekana upesi na kutibika vyema. Kisigino huwa kimevutwa juu, wayo umegeukia ndani na mbonyeo wa katikati ya unyayo umezidi kina. Mtoto wa aina hiyo akiachwa bila matibabu, hukua akikanyagia ubavu wa mguu, au hata sehemu ya juu ya wayo. Inakadiriwa kwamba takriban mtoto mmoja kati ya 1,000 huzaliwa hivyo. Wavulana ni karibu maradufu ya wasichana, na katika nusu ya visa miguu yote miwili huathirika.

Visa vingi havina chanzo kimoja kinachoweza kuonyeshwa kwa kidole, ingawa urithi una mchango wake. Hata hivyo, kasoro hiyo haitokani na laana, wala mama kumcheka kiwete alipokuwa mjamzito. Mtaalamu wa tiba ya viungo, yaani fiziotherapia, hana budi kulitamka jambo hilo siku ya kwanza, baba na nyanya wakiwapo ikiwezekana. Mama anayelaumiwa nyumbani huja kliniki mara mbili au tatu, kisha haonekani tena.

Si kila mguu uliogeuka, lakini, unaohitaji plasta. Mtoto aliyebanwa tumboni huweza kuzaliwa na wayo unaotazama ndani, ila ukisukumwa taratibu kwa mkono hurudi mahali pake bila kipingamizi. Huo hunyooka wenyewe au kwa mazoezi mepesi. Wayo bapa wa mtoto anayejifunza kutembea nao ni hali ya kawaida, na huwatia wazazi hofu isiyo na sababu. Mguu uliopinda kikweli hukataa kurudi. Mtoto mwenye mguu huo hupimwa pia nyonga na uti wa mgongo, kwa kuwa wakati mwingine kasoro hiyo huandamana na nyingine.

Tiba inayotumiwa siku hizi katika nchi nyingi, Kenya ikiwamo, ni ya Dkt Ignacio Ponseti, aliyezaliwa mwaka 1914 katika kisiwa cha Menorca, Uhispania. Aliwatibu majeruhi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini mwake, akakimbilia uhamishoni, na hatimaye akafanya kazi katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1963, lakini kwa miongo kadhaa madaktari wengi waliendelea kupendelea upasuaji mkubwa, uliowaachia wagonjwa miguu mikakamavu yenye maumivu ukubwani. Wazazi ndio waliochangia pakubwa kuieneza tiba hiyo kupitia intaneti miaka ya 1990 ilipokuwa ikimalizika. Ponseti alifariki mwaka 2009.

Methali ya samaki kukunjwa angali mbichi hapa ni kweli tupu. Mifupa ya wayo wa mtoto mchanga bado ni gegedu kwa sehemu kubwa, na kano zake hutii zikivutwa polepole. Mtaalamu huunyoosha mguu kwa vidole vyake kwa dakika chache, kisha huuzungushia pamba na plasta kutoka vidoleni hadi pajani, goti likiwa limekunjwa. Plasta inayoishia chini ya goti huteleza na kazi yote hupotea. Kila wiki plasta huondolewa, mguu ukasogezwa mbele kidogo na kufungwa upya. Kwa kawaida plasta tano hadi saba hutosha. Wengi wa watoto hao huhitaji pia kukatwa kano ya kisigino kwa tundu dogo, kwa dawa ya ganzi. Plasta ya mwisho hukaa wiki tatu, na kano huwa imejiunga tena ikiwa ndefu kuliko ilivyokuwa.

Kliniki ya namna hii haihitaji mitambo ya bei. Huhitaji siku moja maalumu katika wiki, isiyobadilika, ili wazazi wakutane na aliyetangulia amtie moyo mgeni. Huhitaji watu wawili kwa kila plasta, mmoja akishika mguu na mwingine akizungusha, huku mama akimnyonyesha mtoto apate kutulia. Zaidi ya yote, huhitaji daftari lenye nambari za simu za mzazi na za jamaa mwingine, na mtu wa kuwapigia siku hiyo hiyo wasipofika. Kwa familia nyingi za mashambani, nauli ya kila wiki ni mzigo mkubwa kuliko plasta yenyewe. Mtaalamu asiyeuliza kuhusu nauli hatajua kwa nini wagonjwa wake wamepungua.

Plasta ikishatoka mguu huonekana mzima, na hapo ndipo hatari ilipo. Mtoto huvalishwa viatu vilivyounganishwa kwa ufito, nyayo zikitazama nje. Afrika Mashariki ina fahari yake hapa, kwani kifaa cha Steenbeek, kinachotengenezwa kwa ngozi, ubao na chuma cha kawaida, kilibuniwa nchini Uganda na fundi Mholanzi, Michiel Steenbeek. Kwa miezi mitatu ya kwanza huvaliwa saa 23 kwa siku. Baadaye huvaliwa usiku na wakati wa usingizi wa mchana, hadi mtoto atimize miaka minne au mitano. Kuviacha mapema ndiko sababu kuu ya mguu kurudi ulivyokuwa.

Ushauri unaofaa kupewa familia, basi, ni wa mambo madogo ya kila siku. Wakati wa plasta, vidole vitazamwe mara kwa mara. Vikibonyezwa vipauke kisha virudie rangi yake upesi. Vikiwa baridi, vikivimba au vikizama ndani ya plasta, mtoto arudishwe kliniki bila kukawia. Plasta isiloweshwe. Viatu vivaliwe na soksi za pamba, bila mafuta kwenye ngozi, kwa kuwa mafuta huilainisha na kuleta malengelenge. Mtoto hulia siku mbili tatu za mwanzo. Mzazi anayemvua kila anapolia humfundisha kwamba kilio hufungua viatu. Kukanda kwa mafuta, desturi inayopendwa na nyanya wengi, hakuwezi kushika nafasi ya plasta, na kufunga vijiti kunaweza kuumiza ngozi na mifupa.

Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2014 iliunda baraza linalosajili wataalamu wa fiziotherapia, na mzazi ana haki ya kuuliza iwapo anayemhudumia amesajiliwa.

Baada ya mtoto kuanza kutembea, achunguzwe anapochuchumaa. Kisigino kikiinuka kutoka sakafuni, wayo ukianza kugeukia ndani anapotembea, au kiatu kikigoma kuingia kisigino kilipokuwa kikitua vizuri, mguu unarudi nyuma. Plasta mbili au tatu zikiwahi huweza kuurejesha. Mzazi asingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.