Barua ya Kairo: Farasi Wazee wa Vita na Deni la Wanadamu

Wahenga wetu walisema kwamba fadhila ya punda ni mateke. Methali hii tunaifundisha kila mwaka, na mwanafunzi hujibu bila kusita kuwa maana yake ni kulipa wema kwa ubaya. Ni mara chache tunapouliza upande wa pili: je, fadhila ya mwanadamu kwa punda, au kwa farasi, ni ipi? Kuna kisa kilichotokea Misri baada ya Vita Kuu ya Kwanza ambacho chafaa kusomwa kando ya methali hiyo.

Katika vita hivyo, jeshi la Uingereza, pamoja na vikosi vya Australia na New Zealand, lilivuka jangwa la Sinai na kuingia Palestina likitegemea mno askari wapanda farasi. Farasi hao walisafirishwa kwa meli kutoka ng'ambo. Walibeba askari, wakavuta mizinga na mikokoteni, wakavumilia kiu ya jangwani. Yerusalemu ilitekwa mwezi wa Desemba 1917, na Dameski mwezi wa Oktoba 1918. Vita vilipokwisha, wakubwa walipiga hesabu. Nauli ya meli ilikuwa kubwa, na Australia ilichelea maradhi ya mifugo kuingia nchini. Basi farasi wengine walipigwa risasi, wengine wakahamishiwa vikosi vingine, na wapatao 20,000 wakauzwa huko huko Misri. Mnyama aliyezoea matandiko ya askari akafungwa gari la mawe, akalivuta mchana kutwa katika joto la Kairo.

Mwaka 1930 alifika Kairo Bibi Dorothy Brooke, mke wa ofisa aliyepewa kuongoza kikosi cha Waingereza cha wapanda farasi nchini humo. Aliwatambua farasi hao kwa chapa ya mshale waliyopigwa jeshini. Farasi aliyekuwa na umri wa miaka sita vita vilipokwisha sasa alikuwa na miaka kumi na minane, na umri huo kwa farasi ni uzee. Wengi walikuwa mifupa mitupu, wamechubuka migongo, wanachechemea, na baadhi yao hawaoni.

Bibi huyo hakuwa na mamlaka yoyote. Alichokuwa nacho ni kalamu. Tarehe 16 Aprili 1931, gazeti la Morning Post la London lilichapa barua yake. Ndani yake aliwaeleza wasomaji hali ya wanyama waliolitumikia taifa lao, akaomba msaada wa kuwanunua. Fedha zikamiminika. Iliundwa kamati, na katika muda wa miaka mitatu hivi ilinunua farasi wapatao 5,000.

Hapa ndipo kisa kinapokuwa kigumu. Wengi wa farasi hao walionunuliwa waliuawa. Msomaji aweza kushtuka: huu ni uokozi gani? Lakini hapana budi tutazame walivyokuwa. Mnyama aliyedhoofika kwa njaa aweza kurejeshewa nguvu iwapo atalishwa kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, maana kumjazia chakula kwa ghafula huweza kumwua. Kidonda cha mgongoni hupona iwapo matandiko yataondolewa na mnyama akapumzishwa. Lakini viungo vilivyokwisha kwa uzee na kazi havirudi. Farasi wa namna hiyo alipewa maji, chakula na majani makavu ya kulalia, akapumzika kwa muda mfupi, kisha akauawa bila kuteswa. Wako watakaosema kwamba uhai ni uhai, na kwamba hakuna awezaye kumwamulia mwingine kuwa amechoka nao. Mimi naona kwamba kumrudisha kwenye gari kungekuwa ukatili, na kumwacha aendelee kuishi katika maumivu ili sisi tujione wema kungekuwa ukatili mwingine uliovaa kanzu ya huruma.

Jambo la pili la kuzingatia ni jinsi walivyotendewa wenye farasi. Hao walikuwa maskini wa mjini, na farasi mmoja ndiye aliyeleta mkate wa watoto. Kumnyang'anya mtu kama huyo mnyama wake kungekuwa kuhamisha njaa kutoka zizini hadi nyumbani. Kamati ilinunua kwa fedha taslimu. Tena Bibi Brooke alitambua kwamba hata farasi wa vita wakiisha wote, taabu haitakwisha, kwani nyuma yao walikuwako farasi, punda na nyumbu wengine wengi. Ndipo mwaka 1934 akaanzisha Hospitali ya Ukumbusho ya Farasi Wazee wa Vita, iliyotibu bila malipo wanyama wa kazi wa watu maskini. Alifariki Kairo mwaka 1955. Kazi yake iliendelea, ikaenea hadi nchi nyingine za Asia na Afrika, Kenya ikiwamo.

Kwetu Afrika ya Mashariki vita hivyo hivyo vilikwenda vingine. Farasi na nyumbu walioletwa waliangamizwa na mbung'o, na mizigo ikahamia vichwani mwa watu. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa njaa, uchovu na maradhi, na ujira wa wengi waliokufa haukuwafikia jamaa zao. Jina la Kariakoo, mtaa tunaoutaja kila siku bila kufikiri, latokana na jina la Kiingereza la kikosi chao. Wao hawakupata mtu wa kuwaandikia barua kama ile ya Kairo. Kulisema hili si kuwaonea farasi kijicho. Ni kukumbusha kwamba huruma isiyotazama pande zote ina chongo, na kwamba aliyemtumia farasi hata akachakaa na aliyemtumia mpagazi hata akafa walikuwa watu wa hesabu moja: mtumishi ana thamani maadamu anabeba.

Walimu wenzangu, tunapofundisha uandishi wa barua, aghalabu tunasisitiza anwani, tarehe na mwisho mwema. Hayo ni ya lazima. Lakini yafaa pia tuwaulize wanafunzi: katika mji wako, ni nani anayebeba mizigo wala hana wa kumsemea? Punda wa chokaa, je? Mchukuzi wa sokoni, je? Mwambie akae chini, aeleze alichokiona kwa macho yake bila kutia chumvi, na aseme ni nini kifanywe. Kisha barua hiyo isiishie katika daftari la mazoezi. Ipelekwe.