Taji Lililopotea Katika Mgawanyo

Mwaka 1924, ligi ya Uingereza ilipofikia tamati, Huddersfield Town na Cardiff City walikuwa sawa kwa pointi 57, na hukumu ikaachiwa hesabu, ambayo kanuni yake zama zile haikuwa kutoa bali kugawanya: magoli 60 ya kufunga kwa 33 ya kufungwa, na 61 kwa 34. Huddersfield wakapata 1.818, Cardiff 1.794, na taji likaenda kwa unywele huo. Lau wangalitoa, kila upande ungalibaki na 27, na Cardiff, waliofunga zaidi, wangalitangulia. Nao, siku ya mwisho kule Birmingham, walikuwa wamekosa penalti katika sare tasa! Kanuni hiyo, ambayo kwa rai yangu iliwapendelea mno mabeki, haikufutwa hadi ulipowadia mwaka 1976.