Nani Ashike Mlango wa Baraza?

Wakristu wa mtaa wetu walitukabidhi kazi ndogo: kusimamia kundi la simu, ambamo wote huandikiana habari za misa, za matanga na za kazi za mikono. Siku moja mzee mmoja aliandika humo: «Fedha za mabati ziko wapi?» Maneno yake yalikuwa makali. Sisi tukayafuta kwa kidole kimoja, tukidhani tunalinda amani. Kumbe! Kesho yake watu walisemezana kisimani kwamba fedha zimeliwa. Wala hazikuliwa, hesabu yake ilikuwamo katika daftari. Lakini neno lililofutwa lilipiga kelele kuliko neno lililoandikwa.

Ndipo tulipotaka kujua: je, wale waliotutangulia katika kuzungumza kwa mashini walifanyaje? Tulitafuta habari zao, na leo tunawasimulia.

Sanduku juu ya ngazi

Mwezi wa Agosti 1973, katika mji wa Berkeley huko Marekani, vijana wachache waliweka mashini ya kuandikia juu ya ngazi za duka la santuri. Kati yao walikuwa Lee Felsenstein, Efrem Lipkin na Mark Szpakowski. Mashini ile iliunganishwa kwa waya wa simu na kompyuta kubwa iliyokuwa San Francisco, ng'ambo ya ghuba. Kazi hiyo waliiita Community Memory, ndiyo kusema kumbukumbu ya jumuiya.

Mashini ilipiga kelele nyingi, basi waliifunika kwa sanduku la kartoni lenye matundu ya kuingizia mikono. Amri zake kubwa zilikuwa mbili tu: moja ya kuongeza tangazo, na moja ya kutafuta matangazo ya wengine. Tena mtu alikaa kando yake ili kuwaonyesha wageni namna ya kuitumia. Watu wakaja. Wapiga muziki wakatafuta wenzao. Mmoja akauliza mahali pa kupata mkate mzuri wa bagel. Akajibiwa kwamba yuko mwokaji wa zamani awezaye kumfundisha kuuoka mwenyewe!

Tuangalie vema jambo hilo. Kwa nini vijana wale walihangaika na kartoni, na amri mbili, na mtu wa kukaa kando? Kwa sababu walifahamu kwamba chombo kigumu hufunga mlango kabla ya bawabu kufika. Mtu asiyeweza kutumia chombo amekwisha kutengwa na baraza, ingawa hakuna aliyemfukuza. Kazi ile ya kwanza ilikoma mwaka wa 1975, lakini fundisho lake halikukoma.

Nyumba yenye mwenyewe, na nyumba isiyo na mwenyewe

Mwezi wa Februari 1978, katika mji wa Chicago, Ward Christensen na Randy Suess walifungua ubao wa matangazo wa namna nyingine. Christensen aliandika programu, Suess akaunganisha vyombo. Mtu mwenye kompyuta na modemu alipiga simu, akasoma yaliyoandikwa, akaacha lake, akakata. Laini ilikuwa moja. Aliyefuata alingoja zamu yake. Watu wengi wakawaiga, wakaweka mbao kama hizo nyumbani mwao. Hapo swali letu lilikuwa jepesi: mwenye nyumba ndiye mwenye mlango. Aliyetukana aliondolewa, naye akaenda kubisha kwa mwingine.

Lakini vijana wengine walikwisha kuwaza baraza lisilo na nyumba. Mwaka wa 1979 Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke katika jimbo la North Carolina, walianza kutengeneza Usenet. Kompyuta moja ilipigia nyingine simu na kuipa habari. Nayo ikazipeleka mbele kwa nyingine, kama maji yapitavyo kutoka mfereji hata mfereji. Hapakuwa na kompyuta moja iliyo kichwa cha zote.

Mabishano yakaanza mara. Wengine walisema: «Kila mtu aseme, na asiyependa asisome.» Kwa ajili ya hao programu za kusomea zilipewa orodha ya kuzuia: msomaji anaandika jina la msumbufu, na tangu hapo haoni tena maneno yake. Wengine walisema: «Hapana, maneno yapitie kwanza kwa msimamizi.» Basi yakawekwa mabaraza yenye wasimamizi kando ya yale yasiyo nao. Kila namna ilikuwa na bei yake. Orodha ya kuzuia inakupumzisha wewe, lakini jirani yako bado anatukanwa. Msimamizi anasafisha maneno, lakini akilala, baraza zima linalala. Na akipendelea, nani atamwonya?

Mafuriko

Kila mwezi wa Septemba wanafunzi wapya wa vyuo waliingia Usenet bila kujua desturi zake. Wakongwe waliwafundisha, na baada ya majuma machache utulivu ulirudi. Lakini tangu miaka ya 1993 na 1994 makampuni ya biashara yaliwafungulia mlango wateja wao wengi sana, na wageni wakawapita walimu kwa hesabu. Wakongwe wakauita wakati ule Septemba isiyo na mwisho. Mwezi wa Aprili 1994 wanasheria wawili wa Arizona, Laurence Canter na Martha Siegel, walibandika tangazo lao la biashara katika mabaraza zaidi ya 5,000. Watu walikasirika sana, lakini nani angewazuia? Penye wengi pana mengi.

Sheria nayo ilichanganyikiwa. Mwaka wa 1991 hakimu mmoja aliamua kwamba kampuni ya CompuServe haina hatia kwa maneno ya mtu mwingine, kwa kuwa haikuyakagua. Mwaka wa 1995 mahakama ya New York iliamua kwamba kampuni ya Prodigy yaweza kushitakiwa kama mchapishaji, kwa kuwa ilikuwa na desturi ya kuyakagua. Ajabu gani hiyo! Aliyefagia ukumbi alishikwa, asiyefagia akaachwa. Ndiyo maana mwaka wa 1996 bunge la Marekani lilitunga sheria ya kwamba mwenye baraza asihesabiwe kuwa ndiye aliyesema maneno ya wageni wake, wala asiadhibiwe kwa kuondoa kwa nia njema yale aonayo kuwa mabaya.

Hakimu wa siku chache

Rob Malda, kijana wa Michigan, alianzisha Slashdot mwaka wa 1997. Watu walipozidi, hakuweza kusoma yote. Basi akawapa wasomaji wenyewe kazi ya kupima: wachache kwa zamu, kwa pointi chache, na kwa siku chache tu. Neno zuri lilipanda hata 5. Neno baya lilishuka hata −1. Neno baya halikufutwa: lilizama chini, na msomaji mwenyewe alichagua asome hata kina gani. Tena aliyepima katika mazungumzo fulani hakuruhusiwa kusema humo. Akisema, vipimo vyake vilitanguka. Na wasomaji wengine waliwapima hao wapimaji.

Tulipofika hapo tuliona haya. Sisi tulikuwa hakimu na mshitakiwa siku moja, maana daftari la fedha za mabati lilikuwa mikononi mwetu.

Tulikwenda kwa yule mzee, tukaomba radhi. Jumapili iliyofuata daftari lilisomwa mbele ya wote, neno kwa neno. Sasa wasimamizi wa kundi letu ni watatu. Hakuna afutaye neno linalomhusu yeye mwenyewe. Na anayefutiwa huambiwa sababu. Tena habari kubwa husemwa kwa sauti, kwa ajili ya mama zetu wasioona herufi ndogo.

Wapenzi wasomaji, leo wengi wenu mmepewa funguo za mabaraza kama hayo mfukoni mwenu. Tusi lina mlango wa kutokea, na lifukuzwe. Lakini kuuliza si ujinga, wala si tusi. Kabla ya kidole kufuta, tujiulize kwanza: je, tunalinda amani ya wote, au tunajilinda wenyewe?